Gari Likiachwa, Nani Atabeba? Pamoja na Mtoto Mdogo kwenye Pwani ya Tunisia

Familia yenye mtoto wa miaka miwili inapotaka kupumzika kando ya Bahari ya Mediterania, swali la kwanza inaloulizwa na ndugu na majirani ni hili: gari mmeshakodi? Swali hilo lina mantiki yake. Mtoto wa umri huo huchoka ghafla, hulala wakati usiotarajiwa, na huweza kubadilishwa nguo mara nne kabla ya adhuhuri. Gari basi huonekana kuwa ni hema, kabati na kitanda kwa pamoja. Sisi tuliamua kwenda bila gari. Makala haya yanaeleza tulivyochagua mahali, kwa kuwa kuchagua ndiko kulikokuwa nusu ya safari, na ndiko familia nyingi za Waswahili waishio Ulaya kama sisi zinakokwama.

Sababu za kuliacha gari zilikuwa tatu. Ya kwanza ni malipo. Makampuni mengi ya kukodisha magari hutaka dereva awe na kadi ya mkopo yenye jina lake ili wazuie fedha za dhamana, na nyumba yetu imejiwekea sharti la kutotumia kadi hizo kwa kuchelea riba. Mwenye kadi ya kawaida ya benki mara nyingi huombwa anunue bima ya ziada, na bima hiyo huipandisha bei kwa kiasi ambacho tangazo halikukitaja. Ya pili ni upande wa barabara. Uingereza, tunakoishi, magari hupita kushoto kama yapitavyo Tanzania na Kenya. Karibu pwani yote ya Mediterania, ukiondoa Malta na Kupro, magari hupita kulia. Kujifunza upande mpya wa barabara huku mtoto analia kiti cha nyuma si mapumziko. Ya tatu ni mtoto mwenyewe. Aliyefungwa kwenye kiti chake haoni mji. Huona mgongo wa kiti cha mbele.

Hata hivyo, kabla ya tiketi kununuliwa, mama wa mtoto alitoa hoja iliyotulazimisha kuanza upya. Alisema: "Sawa, mume wangu, gari tumeliacha. Sasa nani atakuwa gari?" Kisha akaongeza jingine: "Na mchana mtoto akilala, mimi nitakaa wapi?"

Maswali hayo mawili yana uzito kuliko bei ya tiketi. Gari linapoachwa, mzigo hauachwi. Nepi zipo, maji yapo, chakula kipo, nguo za akiba zipo, na mtoto wa kilo kumi na mbili yupo. Yote hayo yatabebwa na mtu, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mmoja tu, naye anajulikana. Vivyo hivyo kuhusu usingizi wa mchana. Familia ikilala katika chumba kimoja cha hoteli, mtoto anapolala saa saba mapazia hufungwa, taa huzimwa, na mama hukaa gizani kwa saa mbili akichelea hata kufungua mfuko wa biskuti. Baba hutoka "kuangalia mazingira". Safari ya namna hiyo humpumzisha mmoja kwa kumchosha mwingine.

Kwa hiyo tuliweka vipimo vitatu. Kwanza, kituo cha treni, duka la mikate, kitanda na bahari viwe katika umbali wa miguu. Pili, ardhi iwe tambarare, au walau isiwe ya ngazi. Tatu, nyumba iwe na mahali pa mtu mzima kukaa mchana wakati mtoto amelala. Tulipovishika vipimo hivyo, sehemu kadhaa mashuhuri zilianguka mapema, na inafaa kueleza kwa nini, maana kila moja husifiwa kwa kutokuwa na magari.

Ya kwanza ni kisiwa cha Hydra nchini Ugiriki. Huko magari binafsi hayaruhusiwi; mizigo hubebwa na punda na nyumbu, jambo ambalo mtu wa Lamu hawezi kulishangaa. Boti za kasi kutoka bandari ya Piraeus huchukua chini ya saa mbili. Lakini mji wa Hydra umepanda mlimani kuizunguka bandari, na vichochoro vyake vingi ni ngazi. Fuko zake nyingi ni za kokoto. Punda atabeba sanduku siku ya kufika na siku ya kuondoka. Siku zilizobaki kati yake, mtoto atabebwa na mzazi.

Ya pili ni Venice. Hakuna gari linaloweza kupita humo, na mtoto hufurahia boti kuliko kitu chochote. Lakini mji huo una madaraja zaidi ya 400, na mengi yao yana ngazi za kupanda na kushuka. Anayesukuma kigari cha mtoto huinua na kutua kutwa nzima. Aidha, mifereji mingi haina ukingo, na mtoto wa miaka miwili haheshimu maji.

Ya tatu ilituuma zaidi kuiacha: Andalusia. Treni ya kasi hutoka Málaga hadi Córdoba kwa muda wa saa moja hivi, na ule msikiti mkuu ulioanzishwa na Abdur-Rahman wa Kwanza katika karne ya 8, ambao leo ni kanisa kuu, ni mahali ambapo kila mwanafunzi wa historia ya Uislamu hutamani kupaona. Lakini bahari iko Málaga na historia iko Córdoba, ambako joto la Julai na Agosti huvuka nyuzi 40. Granada nayo ina mitaa ya Albaicín iliyopanda kilima kikali. Tulisema Andalusia itusubiri, mtoto aje aione kwa miguu yake na akili yake.

Ndipo tukaitazama Tunisia, na ndani yake kipande kidogo cha pwani ambacho wenyewe hukiita Sahel: Sousse, Monastir na Mahdia. Miji hiyo mitatu ina miji mikongwe kando ya bahari, nayo imeunganishwa na treni ndogo ya umeme inayopita karibu na ufuko kwa umbali wa kilomita 70 na ushei. Treni hiyo husimama pia kwenye uwanja wa ndege wa Monastir. Kutoka Tunis, treni kubwa hufika Sousse kwa muda wa saa mbili na zaidi kidogo. Kwa familia isiyo na gari, ramani ya namna hiyo ina thamani kuliko hoteli ya nyota tano iliyo peke yake kandokando ya barabara kuu.

Tulichagua mwisho wa Septemba. Mtoto ambaye hajaanza shule huwapa wazazi uhuru ambao hautarudi kwa miaka mingi: hawafungwi na kalenda ya likizo. Wakati huo jua limepunguza ukali, bahari bado ina joto, na nauli hushuka. Jambo jingine la hesabu ni umri. Mashirika ya ndege humruhusu mtoto aliye chini ya miaka miwili apakatwe kwa malipo madogo. Akishatimiza miwili hulipiwa kiti chake. Mwenye mtoto anayekaribia siku hiyo aitazame kalenda mapema.

Tulianzia Tunis kwa siku mbili. Kutoka uwanja wa ndege tulipanda teksi ya manjano, wala hatukuona haya. Kusafiri bila gari si nadhiri. Ni kutomiliki adha ya gari. Hata hivyo, teksi za huko kwa kawaida hazina kiti cha mtoto, na kila mzazi alipime jambo hilo kabla ya kuondoka. Jingine la kujua ni kwamba dinari ya Tunisia hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini. Fedha hubadilishwa baada ya kufika, na risiti hutunzwa ili masalio yabadilishwe tena wakati wa kuondoka.

Mji mkongwe wa Tunis umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1979. Ndani yake hakuna nafasi ya gari. Kuna nafasi ya watu wawili kupishana na, kwa bahati mbaya, nafasi ya pikipiki. Mtu wa Zanzibar au Mombasa huuelewa mji huo mara moja: kichochoro kinachopinda ili jua lisipige moja kwa moja, ukuta usio na dirisha upande wa njia, mlango mzito wenye misumari, na nyuma yake ua uliojaa mwanga. Katikati yake upo Msikiti wa Zaytuna, uliojengwa upya na Waaghlabi katika karne ya 9, ambao kwa karne nyingi ulikuwa chuo kikuu cha Afrika Kaskazini. Mji huo ndimo alimozaliwa Ibn Khaldun mwaka 1332. Ibn Battuta naye alipita hapo mwaka 1325 akielekea Makka, akaendelea kusini kupitia Sousse na Sfax. Miaka sita baadaye alikuwa Mombasa na Kilwa. Ilitupa faraja kujua kuwa njia tuliyokuwa tukiifuata imeshafika kwetu zamani.

Humo ndimo kigari cha mtoto kilipofika mwisho wa manufaa yake. Mawe ya njia yamechakaa kwa karne za nyayo, na magurudumu madogo huyakwama. Tulikunja kigari, tukatoa mbeleko. Baba ndiye aliyefunga, kwa kanga ya mama, mtoto mgongoni. Wazee waliokuwa wameketi mkahawani walitazama, wakacheka kwa upole, na mmoja akainuka kumpa mtoto tende. Tangu siku hiyo mbeleko ikawa ya baba hadi mwisho wa safari, na swali la kwanza la mama likawa limepata jibu.

Siku ya pili tulipanda treni ya TGM, jina linalotokana na herufi za Tunis, La Goulette na La Marsa. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1872, nayo huvuka Ziwa la Tunis juu ya tuta jembamba, maji yakiwa kulia na kushoto. Mtoto alisimama kitini tumemshika kiuno, akiita kila ndege wa majini "kuku". Vituo kadhaa vya Carthage hufuatana, na kimojawapo kimepewa jina la Hannibal. Baada yake ni Sidi Bou Said, kijiji cheupe chenye milango ya buluu juu ya kilima. Kutoka kituoni ni mwinuko wa kutembea, si mrefu, lakini si wa kwenda na mtu aliyebeba vitu viwili. Juu huuzwa bambaluni, andazi la duara lenye tundu katikati, linalokaangwa mbele ya mteja na kunyunyiziwa sukari. Mswahili hahitaji kufundishwa jinsi ya kulila.

Kisha tukashuka Sousse. Anayeunganisha safari hapo ajue kuwa treni ya kutoka Tunis na treni ndogo ya Sahel zina vituo tofauti, na kati yake ni mwendo wa miguu kandokando ya mji mkongwe. Tulijipa saa nzima ya ziada, tukaitumia kutazama Msikiti Mkuu wa mwaka 851, ambao kwa nje unafanana na ngome kuliko msikiti, na ribati ya jirani yake, walimokaa walinzi wa pwani wakichanganya ibada na zamu. Mnara wa ribati una ngazi nyembamba. Tulipanda kwa zamu, mmoja akibaki chini na mtoto. Kuanzia hapo "kwa zamu" likawa neno la safari yetu.

Makao yetu yalikuwa Mahdia, mwisho wa reli. Mji huo ulijengwa na Wafatimi mwanzoni mwa karne ya 10 juu ya rasi nyembamba, yenye urefu wa kiasi cha kilomita moja na nusu na upana usiofika nusu kilomita. Baadaye dola yao ilihamia mashariki na kuanzisha Kairo mwaka 969. Leo ni mji wa wavuvi na wafumaji. Huingiwa kwa lango moja kubwa, Skifa el-Kahla, ukumbi mrefu wenye giza, na ukitoka upande wa pili unakuta mitaa tulivu, paka, na bahari kila mwisho wa njia. Msikiti mkuu wake hauna mnara, bali una lango la fahari. Mbele zaidi kuna ngome ya Waturuki, na baada ya ngome makaburi meupe yanayoteremka hadi majini, bila ukuta wala uzio. Rasi yote ni karibu tambarare. Mtoto wetu alitembea mwenyewe kutoka lango hadi uwanja mdogo uitwao Uwanja wa Kairo, ambako chini ya miti kuna mkahawa, na ilimchukua dakika arubaini kwa njia ambayo mtu mzima angeimaliza kwa dakika tano. Hakuna aliyempigia honi.

Tulipanga nyumba ya zamani yenye ua, wala si chumba cha hoteli. Hilo ndilo tunalowasisitizia wasomaji kuliko jingine. Vyumba vinazunguka ua, ua uko wazi kwa mbingu, na ndani yake kuna benchi la mawe na mti wa malimau. Mtoto akilala chumbani mlango ukiwa umeegeshwa, watu wazima hukaa uani, hunywa chai, huzungumza kwa sauti ya kawaida. Babu zetu wa pwani walijenga hivyo kwa sababu hiyohiyo.

Mchana wa kwanza, mtoto alipolala, mama alijifunga mtandio akaenda kutembea peke yake. Mahdia inasifika kwa wafumaji wa hariri wanaotumia vitanda vya mkono, wakitengeneza nguo za maharusi zenye mistari na nyuzi za dhahabu. Sisi tuliobaki uani tulisikiliza adhana ya alasiri, na mtoto akaamka, akala, akacheza na maji ya ndoo. Mama alirudi baada ya saa mbili. Hakuwa amenunua kitu. Alisema alikaa tu dirishani pa mfumaji mmoja, akitazama uzi ukienda na kurudi, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kukaa mahali bila kusikiliza kama mtu anamwita. Maneno hayo yalituonyesha deni ambalo nyumba yetu ilikuwa nalo, na ambalo nyumba nyingi zinalo bila kuliandika popote. Kila mchana uliofuata ulikuwa wake.

Uwazi unatutaka tutaje mapungufu. Pwani ya rasi yenyewe ni ya miamba. Ufuko wa mchanga mweupe, wenye maji ya kina kifupi yanayomfaa mtoto, uko kaskazini-magharibi mwa mji, kiasi cha nusu saa kwa miguu ya mtu mzima. Tulikwenda asubuhi mapema kwa mbeleko na kurudi kwa teksi kabla ya jua kupanda. Treni ndogo hujaa saa za wanafunzi na wafanyakazi, kwa hiyo Monastir tuliiendea katikati ya asubuhi. Huko kituo, mji mkongwe, ufuko na ribati iliyoanzishwa mwaka 796 viko karibu karibu, na familia ambayo bahari ndiyo haja yake kubwa ingefanya vyema kulala huko badala ya Mahdia. Chakula ni rahisi kwa Mwislamu, kwani hana haja ya kuuliza nyama imechinjwaje, lakini pilipili ya harisa huingia katika vyakula vingi, na ya mtoto inabidi iagizwe mbali: kuskusi kavu, samaki wa kuchoma, mkate, yai.

Swala nazo hazikuwa mzigo. Ruhusa ya msafiri kupunguza na kukusanya inaeleweka vizuri zaidi mtu anapokuwa na mtoto anayesinzia begani. Watunisia wengi ni Wamaliki, na wengi wao huacha mikono chini katika kisimamo. Mtoto wetu, aliyezoea kuona mikono imefungwa kifuani, alitazama safu kushoto na kulia, kisha akaning'iniza mikono yake kama wao. Somo la tofauti za madhehebu alilipata mapema, tena bila ugomvi.

Kwa anayepanga safari kama hii, iwe Tunisia au kwingineko, ushauri wetu ni mdogo. Kabla ya kutazama bei, mume na mke wakae na karatasi. Waandike kila kitu kitakachobebwa kwa siku moja ya kawaida, tangu alfajiri hadi usiku: mtoto, maji, chakula, nepi, usingizi, kilio cha saa kumi. Mbele ya kila kimoja waandike jina la atakayekibeba. Majina yakitoka sawa, tiketi inunuliwe. Jina likiwa ni lilelile moja kutoka juu hadi chini, basi na wabadilishe mahali, au wabadilishe majina.